Daftari la Nyamizi

SIKUZANI: Haloo? Haloo! Ni Nyamizi au nimempigia kuku?

NYAMIZI: Ni mie, wifi! Nimepanda kichuguu nyuma ya zahanati, ndo panashika mtandao. Za Mpanda mjini?

SIKUZANI: Salama. Kaka yako Heri anakusalimia. Haya, lete ya mkutano! Nasikia umembishia balozi mbele ya—

NYAMIZI: Sikumbishia! Nilimwelewesha. Kwa sauti.

SIKUZANI: [anacheka] Anza mwanzo basi.

NYAMIZI: Si unajua kipindupindu kimeingia huku? Mie mhudumu wa afya, napita nyumba kwa nyumba, naandika wagonjwa kwenye daftari. Wiki iliyopita Innocent, balozi wetu wa nyumba kumi, akalipiga picha bila kuniomba, akairusha kwenye grupu la kijiji.

SIKUZANI: Majina yote?

NYAMIZI: Yote saba. Na nani kaharisha mara ngapi.

SIKUZANI: Mungu wangu!

NYAMIZI: Mzee Masunga alishapona, lakini maziwa yake yakakosa mnunuzi. Mkewe akifika kisimani, wenzake wanabeba ndoo wanaondoka. Basi siku nne nzima hakuja mgonjwa hata mmoja.

SIKUZANI: Si vizuri? Ugonjwa umeisha—

NYAMIZI: Wamejificha, wifi! Kuna mama tulimkuta kajifungia ndani, macho yameingia. Nusura tuchelewe.

SIKUZANI: Mama nani?

NYAMIZI: Mama mmoja.

SIKUZANI: Haya, yaishe!

NYAMIZI: Jana mkutanoni Innocent analitaka tena daftari, eti watu wajihadhari. Nikasimama. Nikawaambia, kisima chenye ugonjwa nitakitaja. Vyoo vibovu nitavitaja. Jina la mtu halitoki. Mkilitaka, tafuteni mhudumu mwingine.

[Mtandao unakwaruza.]

SIKUZANI: —kasemaje? Haloo?

NYAMIZI: Masunga ndo akanyanyuka. Akasema, "Mie nilikuja kutibiwa, sikuja kutangazwa." Makofi, wifi! Innocent akafuta picha mbele yetu, akaomba radhi. Masunga akamletea maziwa, ya kuchemsha—

SIKUZANI: Akanywa?

NYAMIZI: Vikombe viwili! Sharubu nyeupe pee. Na leo wameshakuja watano, kwa miguu yao wenyewe.

SIKUZANI: Safi sana, wi— subiri!

[Mlango unafunguliwa, hatua zinakimbia.]

NYAMIZI: Haloo? Sikuzani?

SIKUZANI: Nipo. Nilitoka nje kidogo.

NYAMIZI: Mara ya ngapi leo?

SIKUZANI: Ya sita. Mgahawa sijafungua. Wateja nimewaambia mkaa umelowa. Wifi, wakijua, nani atakula tena kwangu?

NYAMIZI: Kwangu hawatajua. Ile chumvi-sukari ya ORS unayo?

SIKUZANI: Pakiti mbili.

NYAMIZI: Koroga moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemka na kupoa, anza kunywa sasa hivi. Heri akupeleke kituo cha afya. Msingoje jioni! Na daktari usimfiche kitu.

SIKUZANI: Nijifunike kitenge usoni?

NYAMIZI: Uanguke kwenye pikipiki ya Heri? Nenda uso wazi. Kuumwa si kuiba.

SIKUZANI: Heri kanibembeleza tangu asubuhi twende hospitali, namwambia nimekula vibaya. [Pumzi ndefu.] Haya, nakoroga. Nakunywa… Aka! Ina ladha ya machozi!

NYAMIZI: Kunywa yote.

SIKUZANI: Nakunywa, mama mkwe! Huyo Heri karudi, anapiga honi nje. Nakwenda, Nyamizi. Nikifika nitaku— eh, vocha inakwi—

[Simu inakatika.]