Tufani Tatu za Nyumba Yetu

Nomsa, zima redio hiyo, na wewe Octavian ingia ndani ukae, usisimame mlangoni kama mtu aliyefuata kodi. Carmel, njoo hapa kitandani, karibu na miguu yangu. Sasa niacheni niseme, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kupimiwa, na daktari ameshaacha kunidanganya. Nomsa na Octavian, nyinyi wawili niliowazaa, najua Kiswahili mnakisikia kuliko mnavyokisema. Mlikuja mji huu mkiwa wadogo, mkakiacha kwenye uwanja wa shule ili msichekwe, nami sikuwalaumu. Lakini maneno haya siyajui kwa lugha nyingine. Hati ya nyumba anayo mwanasheria, na ameshaandika ninayotaka. Hati hiyo, hata hivyo, haijui sababu, na mali isiyojulikana sababu yake hugombanisha waliozaliwa tumbo moja.

Kwanza mjue mmetoka wapi. Mimi nilizaliwa Lindi, na mwaka wa hamsini na mbili, nikiwa bado nanyonya, ilikuja tufani. Siku hizi tufani hupewa majina kama watoto wanaobatizwa. Ile haikuwa na jina, wazee waliita tu upepo ule, na kila aliyesikia alijua ni upepo gani. Mama alinifunga kifuani kwa kanga mbili, akalala kifudifudi juu yangu ndani ya handaki la kuchimbia udongo, na baba akalala juu yake. Kulipokucha tulikuwa hai sote. Majirani walikuja kutupongeza, wakisema nyumba ile Mungu ameiona. Kisha baba akaenda shambani, akakuta minazi yake na mikorosho yake imelala chini yote, imeelekea upande mmoja, hata mti wa kufungia mbuzi haukubaki.

Mnazi, wanangu, hupanda baba akala mtoto. Baba hakuwa na miaka ya kusubiri tena. Akaenda kukata mkonge katika shamba la wazungu, mtu aliyezoea kuitwa mwenye shamba akawa anaitwa kwa namba, na vumbi la mkonge likamkaa kifuani. Akatuzalia mdogo wangu Nicodemus, akakohoa miaka kadhaa, akafa. Mama alikuwa akisema neno ambalo nilikuwa nalipuuza nikiwa msichana: serikali ilihesabu waliokufa siku ya upepo, lakini mumewe hakuhesabiwa, na yeye aliuawa na upepo ule ule, ila ulichukua muda wake. Neno hilo lishikeni. Tufani haimalizi kazi siku inapopita.

Nilikua, nikaenda Morogoro, nikaolewa na baba yenu alipokuwa mkimbizi kutoka huku, anayesubiri nchi yake iwe huru. Nchi ilipofunguka tukaja Johannesburg, tukapata nyumba hii ya mtaa wa Bertrams, na kitu cha kwanza kilichonifurahisha, nisiwafiche, ni kwamba bahari iko mbali. Hapa mbinguni hushuka mvua ya mawe, hupasua vioo vya magari, halafu jua linatoka watu wanaendelea na kazi. Nilisema moyoni, watoto wangu hawatamjua adui yule. Kumbe adui yule hafuati barabara. Alikuwa na mlango wake wa kuingilia nyumbani kwetu, na mlango huo ulikuwa mjomba wenu.

Nicodemus alivuka Ruvuma kutafuta maisha, akashuka na pwani hadi Beira, akawa fundi wa paa. Nilipomsihi aje huku alicheka, akasema, dada, upepo ndio tajiri wangu, ukibomoa mimi naitwa. Mwaka elfu mbili ukabomoa na nyumba yake. Kwa mvua ya mwaka ule nchi nzima ilikuwa ziwa, mliiona kwenye televisheni, watu wakiokotwa juu ya miti kwa helikopta. Nicodemus alinipigia kwa simu ya kuazima, akaniambia amebaki na shati na nyundo.

Nomsa mwanangu, hapa ndipo ninapokugeukia wewe. Ulikuwa umekubaliwa chuo cha uuguzi. Ada yako ilikuwa tayari, baba yenu na mimi tuliikusanya kwa kuosha ofisi za watu usiku na mchana. Tulikaa jikoni sisi watatu tukakuuliza, na wewe ukasema, "Sharp, Mama, sawa tu, mpelekeeni, mimi nitaenda mwaka kesho." Mbao na mabati vikaenda Beira. Mwaka kesho baba yenu akaugua, na wa kesho yake akafa, na wewe ukashika kitana na uzi wa kusukia nywele ukatulisha sisi sote. Hujapata kulitaja jambo hilo hata siku moja. Nami kila ninapolazwa, muuguzi akija kunifunga mkono kupima damu, naangalia uso wake naona ungekuwa wako. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu amekua, ana ndevu. Sijutii kumpa ndugu yangu paa. Ninachojutia ni dunia iliyotuweka jikoni kuchagua kati ya paa na shule, nasi tukachagua kwa uso mkunjufu kana kwamba ni jambo dogo.

Nipe maji kidogo. Asante. Tosha.

Paa lile lilidumu hadi tufani ya Idai. Carmel, usiinamishe kichwa, haya ni yako pia. Wiki ile redio zilikuwa zinautangaza upepo kwa jina, na safari hii nilimlilia Nicodemus kwenye simu apande basi aje. Alikupandisha wewe, binti yake wa miaka kumi na minne usiye na mama, na begi lako moja, akamwambia kondakta nitakupokea Park Station. Mwenyewe akabaki. Aliniambia majirani wamemwomba awafungie mapaa kwa waya na magunia ya mchanga, na fundi hawezi kukimbia siku ambayo kazi yake inahitajika. Aliahidi kupanda basi la pili. Mimi dada yake nilijua hakuna basi la pili. Nilikupokea hapo Park, ukaniuliza baba anakuja lini, nikakuambia kesho, na kesho ile simu zote za Beira zilikuwa zimekufa.

Octavian ndiye aliyesema ataenda. Mkumbuke alivyokuwa wakati ule: ana ile bakkie nyeupe, gari la mizigo, anabeba mchele na mafuta kutoka maduka ya jumla ya mjini kupeleka kwenye spaza, vile viduka vya Soweto, ana jina zuri, anamsomesha mtoto. Aliijaza unga, maji na mablanketi, akaondoka. Aliporudi alishuka kwenye basi, mikono imechanika, bila gari, akasema maneno mawili: mjomba amezikwa. Akaingia kulala. Tangu hapo ni mlinzi wa getini kwa watu, na tangu hapo, Octavian, hukai chumba kimoja na Carmel ukamaliza chai. Akiingia, unatoka. Majuzi umemwambia Nomsa kwamba upande ule wa familia umekwisha kula vya kutosha, na kwamba nyumba hii ni ya watoto wa baba yako. Nilikusikia. Ukuta huu ni mwembamba.

Nilidhani ni gari unalolililia. Miaka nimedhani hivyo, nikakuonea aibu kimoyomoyo. Mpaka mwaka jana alipokuja Khatibu, yule Mmwani wa pwani ya kaskazini, jirani wa mjomba wenu, aliyepita hapa kununua bidhaa, akakaa kwenye kiti hicho ulichokalia. Yeye akanieleza uliyomweleza mlipokuwa mkichimba kaburi. Usinyanyuke. Nakuomba, mwanangu, usinyanyuke.

Alisema ulifika hadi barabara ilipokatwa na mto, na hapakuwa na pa kupita. Watu wa mitumbwi walikuwa wanavusha wanaotembea kwa miguu, wakakuita. Wewe ukatazama gari lililojaa chakula, na barabarani watu wenye njaa, ukajua ukiliacha hutalikuta. Ukasubiri maji yapungue. Ukalala humo siku mbili. Maji hayakupungua, yaliongezeka, yakalizoa gari na unga na kila kitu, ukabaki umesimama na funguo mkononi. Ndipo ukapanda mtumbwi. Ukafika Beira ukakuta mjomba wako amefariki jana yake. Hakuuawa na upepo siku ile. Bati lilimpasua paja alipokuwa juu ya nyumba ya jirani wa mwisho, na ya kwake mwenyewe hakuifunga kabisa. Na bati linaporuka ni panga, limetoka paa la nani hakuna ajuaye. Kidonda kikaoza, hospitali zenyewe hazina mapaa, dawa zimelowa. Khatibu anasema ulikaa chini ukawa unarudia, siku mbili, siku mbili, hadi wakakushika. Halafu ukabaki ukasaidia kuezeka nyumba za watu usiowajua, na hilo nalo hukutuambia.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Hicho chako kimekaa humu ndani miaka sita, na Carmel amedhani unamchukia. Humchukii. Unaona macho yake yanakuuliza zile siku mbili.

Sasa nisikilize vizuri maana sitaweza kurudia. Watu watakuambia mtaka yote hukosa yote. Methali hiyo ni ya kweli, lakini si yako. Hukutaka yote. Ulikuwa na gari la kuwalisha watoto wako na chakula cha kuwalisha wa mwenzako, na upepo ukakuweka mahali ambapo kila mguu ukiinua unakanyaga kitu. Ungevuka siku ya kwanza, labda ungemkuta hai, ukamshika mkono akafa umemshika. Labda. Hilo ndilo ulilokosa, na ni kubwa, sikupunguzii. Lakini kumwua hukumwua. Upepo ule ule uliokula minazi ya babu yako, ukala uuguzi wa dada yako, ndio uliomla mjomba wako na gari lako, na ulitaka kuondoka na ndugu yako pia. Huyu Carmel msiupe.

Unasemaje, Carmel? Sema kwa sauti, mwanangu, sikio langu moja limeshalala.

Umemsikia, Octavian? Anasema alijua baba yake hatatoka Beira tangu alipomfungia mlango wa basi. Anasema siku zile zote alizokaa dirishani akitazama barabara hakuwa anamsubiri baba yake. Alikuwa anakusubiri wewe urudi. Anasema aliona kwamba ningekupoteza na wewe, na kosa lingekuwa lake. Miaka sita, eish, watoto wangu. Miaka sita kila mmoja anabeba jiwe akidhani ni mwenzake aliyembebesha.

Basi nimalizie, kifua kinabana.

Nyumba hii isiuzwe maadamu mmoja wenu watatu anataka kulala ndani yake. Chumba cha mbele ni cha Nomsa, akifanye saluni yake mwenyewe, aache kukodi kiti cha mtu kule mjini. Vyumba vya kati ni vya Octavian na watoto wake. Chumba cha nyuma na uani ni vya Carmel. Ni haki yake kama yenu, simpi kwa huruma, kwa hiyo asije akaambiwa ashukuru wala akadaiwa asante. Damu ya baba yake na yangu ni moja. Shamba la Lindi, nasikia lina mikorosho michanga tena, aliipanda binamu yenu. Mwacheni nalo, msiende kulidai kwa kuwa tu lina jina la babu. Anayepanda pale kila mara akijua upepo unarudi, huyo ndiye mwenyewe.

Na upepo utarudi. Baada ya Idai mliona Eloise, mkaona Freddy aliyekuja akaondoka akarudi tena, na juzi Hidaya akashuka mpaka kwetu Lindi. Kuanzia Novemba hadi Mei, mkisikia jina jipya kwenye habari, msibadilishe kituo. Mpigieni Khatibu. Na mtu wa pwani akigonga mlango huu na begi moja, mfungueni kwanza, maswali baadaye. Nyinyi mnaishi juu mlimani, penye lami na robot, taa za barabarani, kila kona. Msijidanganye kwamba bahari haiwahusu.

Mimi msinisafirishe. Nizikeni Soweto, kando ya baba yenu. Nauli ya maiti kwenda Lindi... ni shule ya mtu. Safari hii tuchague shule. Nomsa, watoto wa Octavian, yupo yule wa kike, anapenda... atakuambia mwenyewe. Mwulizeni.

Inueni mto kidogo. Hivyo.

Njooni nyote. Mikono yenu, sioni vizuri ni ya nani. Mungu awape paa, na chini ya paa awape watu. Awape mkate usiozolewa na maji. Mliyoyakosa kwa ajili ya wengine... ayarudishe kwa njia msiyoitegemea. Mkigombana, mgombane mchana, mle pamoja jioni. Radhi yangu mnayo. Wote watatu. Mnayo yote.

Octavian... sogea hapo kwa Carmel, dada yako. Ndiyo. Mwambie zile siku... barabarani. Polepole. Mimi nafumba macho tu.

Nawasikia.

Endeleeni. Msininyamazie... endeleeni kuongea.