Bi Chomoa na Kompyuta za Benki ya Damu

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyebuni mtandao wa kompyuta za benki ya damu. Kazini walimwita Bi Chomoa. Alifariki wiki iliyopita, baada ya kuugua kwa muda mrefu.

Zamani, taarifa zote za damu zilikaa kwenye kompyuta ya hospitali kuu. Kompyuta moja tu. Siku moja ikazimika. Dada yake Bi Chomoa alikuwa ametoka kujifungua, anavuja damu, na hakuna aliyejua damu ya kundi lake iko wapi. Ilikuwepo, kwenye jokofu la hospitali ya jirani. Ilipofika, dada alikuwa ameshakata roho.

Bi Chomoa alimchukua mtoto. Akarudi kazini macho yamevimba, akaanza kuchora, kichanga kimelala mapajani. Kila hospitali iwe na kompyuta yake. Kila kompyuta iwe na taarifa zote, na zijuliane hali muda wote. Moja ikinyamaza, zilizobaki ziendelee.

Kilichomnyima usingizi ni mawasiliano kukatika katikati. Chupa moja ya damu isije ikaahidiwa wagonjwa wawili. Akaamua: kompyuta ikipoteza mawasiliano na wenzake walio wengi, isiahidi damu. Iwaambie wauguzi wapige simu hospitali nyingine.

Bosi wake akaguna. "Sasa mashine ya kukataa kazi ya nini?"

"Bora iseme haijui, bosi, kuliko itudanganye."

Siku ya kuwaonyesha wakubwa, alikwenda ukutani akachomoa waya wa kompyuta ya hospitali kuu. Bosi roho ikamruka. Wakatazama skrini ya pili: taarifa za damu ziko palepale. Ndipo jina lilipomganda.

Mwaka huu, chumba cha kompyuta cha hospitali kuu kiliungua. Yeye yuko kitandani, hoi. Mumewe anasimulia:

"Vijana wake wa kazini walimpigia simu mambo yakiwa yameshatulia. Akawauliza, 'Kuna mgonjwa aliyekosa damu?' Wakasema hakuna. Akaniambia, 'Baba watoto, hata hawakunihitaji.' Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka. Nikamfuta uso."

Kwa mumewe, na kwa binti aliyemlea kama wa kumzaa: poleni sana. Tunalia pamoja nanyi.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji wapendwa, tujiulize leo: tusipofika kazini kesho, nani atakwama kwa sababu yetu? Tumfundishe huyo, tungali tunaweza.