Profira Achiței na Kilomita Elfu Moja na Mia Tatu

Profira Achiței alizaliwa tarehe 3 Novemba 1955 kijijini Țibana, karibu na mji wa Iași, Romania, akiwa mtoto wa nne wa Neculai na Aglaia. Alisoma hapa hapa miaka minane, kisha akajifunza ushonaji mjini. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kuanzia 1974 hadi kilipofungwa mwaka 1996.

Mwaka 1977 aliolewa na Costache, fundi wa reli. Walijaliwa mtoto mmoja, Anișoara, ambaye ndiye mimi ninayewasomea wasifu huu.

Machi 2003 alikwenda Bologna, Italia, kumuuguza bibi aliyepooza, Norina Zanarini. Alisafiri siku mbili kwa basi. Baba alichukua atlasi yangu ya shule, akapima umbali kwa kijiti cha kiberiti.

“Vijiti vitatu tu, Profira!” alimwambia kwenye simu. “Moto haujazima, umeshafika.”

Mama alicheka mpaka salio likamwishia.

Baadaye zikaja ndege: kilomita elfu moja na mia tatu, mwendo wa saa mbili angani. Nikawa simpi nafasi ya kupumua. “Mama, saa mbili tu, unashindwaje kuja Pasaka?”

“Saa mbili ni za rubani, mwanangu. Zangu zinaanza kwa kumtafutia bibi mtu wa kumgeuza kitandani.”

Katika miaka kumi na moja alikuja mara tano.

Tarehe 11 Februari 2014 baba alipata kiharusi. Mama alipanda ndege kesho yake asubuhi. Iași ilikuwa imefunikwa na ukungu. Ndege ikazunguka, ikazunguka, ikaenda kutua Bukaresti. Akachukua treni, saa saba nyingine. Alipoingia ndani, baba alikuwa ameshafariki na kuvishwa suti yake ya harusi. Mama alikaa kando yake bila kuvua koti.

Siku ya kumi akafunga sanduku lake la safari, arudi Bologna. Nilimwambia mbele ya majirani, “Nenda basi, kama huyo bibi ndiye mwanao!” Alinibusu kichwani, akaondoka. Neno lile sikuwahi kuliombea msamaha, naye hakuwahi kunidai. Leo naliombea.

Bibi Norina alifariki 2016. Mama aliuguza wengine hadi 2021, moyo ulipomchosha, akarudi nyumbani moja kwa moja. Nilimtunza miezi kumi na minne. Alifariki Jumanne, tarehe 8 Novemba 2022, saa nne asubuhi, akiwa usingizini.

Ameacha binti, mkwe wake Sandu, wajukuu Ilinca na Tudor, na dada yake Saveta. Yumo pia Bwana Ermes Zanarini, mtoto wa Bibi Norina. Wiki hii hapakuwa na ndege ya kumfikisha kwa wakati, na ana miaka sabini na mmoja, lakini aliendesha gari kutoka Bologna peke yake. Amefika leo asubuhi. Hajui neno la Kiromania. Aliwakuta vijana wakichimba kaburi, akavua koti, akaomba koleo kwa ishara ya mkono.

Mama, Mungu akupe pumziko la amani. Ulichoka.