Sauti Iliyodhaniwa ya Shetani

Misimu ya karafuu huwadia na kupita, na umri wa mja umo humo ukipungua bila kelele. Maalim Khatib bin Jecha alizaliwa Shumba Viamboni tarehe 14 Februari 1971, katika Dhulhijja ya mwaka 1390. Alihitimu Kurani chuoni akiwa na miaka kumi, akasoma Konde na Wete, kisha ualimu Unguja. Tangu 1998 alisomesha biolojia Wingwi.

Mwaka 2000 alimwoa Bi Tatu binti Jaribu. Kila Idi ya kuchinja alilisafisha fuvu la mbuzi kwa ajili ya wanafunzi, akapitisha nyuzi katika matundu ya chini yake: nyekundu kwa mishipa ya damu, nyeupe kwa neva; na kisogoni akabandika vitambaa mahali pa misuli.

"Bwana we, wenzio watia kichwa chunguni, wewe wakitia uzi," Bi Tatu alimtania.

"Supu huisha leo, Bi Tatu. Tundu hizi kazitoboa Mola, na kila moja ina mpitaji wake."

Alhamisi, 7 Novemba 2024, kinyozi mmoja alipokwisha kumnyoa alimwalisha shingo, akaipinda ghafla mpaka ikalia, kama waalishavyo watu vidole. Mshipa upandao kisogoni kwenda ubongoni ukachanika. Alifika nyumbani akiyumba, hawezi kumeza, na sauti imekwaruza, kwani sehemu ya ubongo itawalayo koo ilikosa damu.

Jamaa wakasema kapandwa na shetani.

"Si shetani," Maalim akawaambia. "Ni mshipa wa kisogo. N'pelekeni spitali."

"Hii si sauti ya ndugu yangu," akasema kaka yake, Talib. "Wewe nani uliyempanda?"

"Mie Khatib."

"Mwongo huyu. Mfukizeni."

Watu wazima, baadhi yao aliowasomesha mwenyewe, wakamfukiza siku mbili. Kila alipotaja hospitali walimuuliza nani aliyemtuma shetani huyo, kisha wakajijibu: mkewe. Bi Tatu akazuiwa mlangoni. Maalim alifariki Jumamosi adhuhuri, akingali akidai kuwa yeye ni yeye.

Ajali i mikononi mwa Mola, hatupingi. Lakini uzushi ni wetu, na tutaulizwa. Leo, katika khitma hii, wapo wanaokula pilau ya nyumba ya Bi Tatu huku wakimwita mchawi. Asiye na ushahidi na afumbe kinywa, na aliyetamka amwombe radhi kabla hajanawa mikono. Talib amekwisha kusimama nje ya chumba cha eda, akalia. Hajajibiwa, na Bi Tatu ana haki.

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, Samiha na Nahla, na kaka. Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi la Khatib, awape subira mkewe na wanawe, na atusamehe sisi tuliomsikia tusimsadiki. Amin.