Bi Vifungo, Aliyetaka Kuoga Peke Yake

Wafiwa wenzangu, majirani, wateja wa marehemu, na ninyi mliokuja kujua amekufa kwa ugonjwa gani, poleni na karibuni. Historia hii ilikuwa isomwe na kaka yetu, lakini kaka yetu huanza kulia kabla ya kufika kwenye tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo karatasi nimeshika mimi, dada mtu, niliyeishia darasa la saba na ambaye sauti yangu mnaijua.

Marehemu mdogo wangu, mliyemzoea kwa jina la Bi Vifungo, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa baba yetu seremala na mama yetu, ambaye alifariki mwaka uliofuata, tukalelewa na shangazi yetu, huyu aliyeketi mbele, mwenye miaka tisini na minne na anayesikia anachotaka kusikia. Alipotimiza mwaka na nusu marehemu alishikwa na homa kali, akapata degedege refu lililomwacha amelegea kama nguo iliyokamuliwa, akapona, na shangazi akaagiza jambo hilo lisitajwe tena, nalo halikutajwa.

Aliingia shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza mwaka 1970, na akiwa darasa la pili ndipo alipoanza kuganda. Alikuwa akizungumza vizuri, mara anakatika katikati ya neno, macho wazi, mdomo unatafuna kama wa mtu anayeonja mchuzi usio na chumvi, na mkono wa kulia unatafuta kifungo cha karibu, kiwe chake au cha jirani, unakichezea mpaka king'oke, kisha anarudi na kushangaa ameshikaje kifungo cha mwalimu. Mara chache alianguka na kutetemeka mwili mzima. Mwalimu aliiita dharau, zahanati ikampa dawa ya minyoo, na bwana mmoja mwenye koti jeupe akamwandikia miwani.

Shangazi hakuandika kitu, alitoa amri. Mtoto akiganda, waliopo wamzunguke haraka, migongo nje, shuka juu, mtu wa nje asione, na akiuliza aambiwe binti anabadilisha nguo. Katika kazi hiyo tulikuwa hodari, tuliweza kumfunika kabla kijiko alichoshika hakijafika chini, na mtaa mzima uliamini kwamba hakuna msichana anayebadilisha nguo mara nyingi kama yule.

Mwaka 1972 alianza kujifunza ushonaji, na mwaka 1975 akafungua chumba chake karibu na kituo cha mabasi, akawa fundi ambaye kola zake hazikuwa na mpinzani. Tabu ni kwamba kichwa kikiganda, miguu iliendelea kukanyaga cherehani, ndiyo maana karani wa posta alipokea suruali ambayo mguu wa kulia umeshonwa ukazibwa kabisa chini, akairudisha kwa adabu akieleza kwamba yeye ana miguu miwili na anaitumia yote.

Mwaka 1977 alianguka bafuni akapasuka paji la uso, na tangu hapo shangazi akaamua asiachwe peke yake popote. Dukani alikaa mtu, jikoni alikaa mtu, na bafuni komeo liling'olewa, mmoja wetu akawekwa nje ya pazia amsemeshe wakati wote, asipojibu tuingie. Mdogo wangu hakuwahi kutuomba makubwa. Ombi lake lilikuwa moja, aoge peke yake, mlango umefungwa kwa ndani, na kwa miaka ishirini na minane tulimnyima.

Tarehe 8 Desemba 1979 aliolewa na shemeji yetu, fundi umeme. Aliganda wakati wa kupiga picha, tukamfunika kama kawaida, wageni wakadhani ndiyo taratibu za familia wakapiga makofi, na picha ipo mpaka leo, bwana harusi anatabasamu kando ya lundo la mashuka. Shangazi alikuwa amepanga asijue mpaka wazoeane, kumbe mwenzetu alijua tangu uchumba, mashati yake matatu hayakuwa na vifungo na hakusema neno. Walijaliwa watoto wawili, binti ambaye sasa ni dereva wa malori na mwana ambaye ni mpishi, na wote wawili walijua kutandaza shuka kabla ya kujua kuhesabu.

Miaka ikaenda, akapewa vidonge vilivyomlaza juu ya cherehani lakini kuganda hakukukoma, mpaka Machi 2003, shemeji, bila kumuuliza shangazi, alipompeleka kwenye kituo cha mabingwa wa kifafa. Shangazi alipopata habari alitukusanya, akatangulia mbele, shuka limo kwenye mkoba.

Pale alibandikwa nyaya kichwa kizima kwa gundi, akalazwa kwenye chumba chenye kamera darini, dawa zikapunguzwa, na daktari, binti mwembamba wa kuweza kuwa mjukuu wetu, akaeleza kwamba wanangoja ugonjwa uje wenyewe wauone unapoanzia. Shemeji alizikagua nyaya moja moja akataka kujua fyuzi iko wapi, na mtaalamu wa kipimo akamweleza kwa subira kwamba umeme hauingii kichwani, ni kichwa ndicho chenye umeme wake na wao wanausoma tu. Shemeji alirudi nyuma hatua moja kwa heshima ya mtu aliyeishi na jenereta bila kuambiwa.

Ugonjwa ulikuja siku ya pili, mchana, nasi tukaruka kama tulivyofunzwa, na daktari alipofungua picha zake alikuta migongo yetu tu. Akatuomba kwa upole tusirudie. Ulipokuja tena shangazi hakumgusa mgonjwa, ni kweli, alizima taa na kuvuta pazia. Daktari akasema wangeweza kuturudisha nyumbani hivyo hivyo, na vidonge vile vile, kwa kuwa hawawezi kutibu wasichokiona.

Hapo mdogo wangu aliinuka na nyaya zake zote.

"Shangazi, leo acha nionekane," alisema. "Umenificha hata mimi mwenyewe sijawahi kujiona."

Shangazi alilikalia shuka, na ugonjwa ulipokuja akaikalia na mikono yake, ukaanza, ukapita na kuisha mbele yetu sote. Baadaye daktari alimwonyesha mgonjwa picha, naye alijitazama akitafuna hewa na kuvuta kifungo cha nguo ya hospitali, akarudia kutazama, akacheka mpaka nyaya mbili zikabanduka.

"Yaani ni hiki tu? Ndicho mlichokuwa mnakifunika?"

Daktari aliuliza kama aliwahi kupata degedege utotoni, na shangazi, bila kumtazama mtu, akasema lilikuwepo na lilikuwa refu. Ikaelezwa kwamba pengine lilimwachia kovu upande mmoja wa ubongo, kwamba kifafa chake huanzia pale pale, na kwamba vidonge vya zamani havikufaa kifafa cha aina hiyo. Akabadilishiwa, dozi ikapandishwa taratibu, nasi tukafundishwa kumlaza ubavu, kutomtia kitu mdomoni, na kutogusa swichi ya taa.

Kuganda kukapungua, kukakoma, na Juni 2005, baada ya mwaka mzima wa usalama, daktari aliruhusu, na marehemu alinunua komeo akalipigilia kwa mkono wake. Siku hiyo alikaa bafuni mpaka maji ya mtaa yakakatika, shangazi akagonga, na sauti ikatoka ndani.

"Niko mzima, Shangazi. Nenda kapike."

Mwaka jana alianza kusumbuliwa na moyo, akalazwa hospitali kuu, na akafariki tarehe 3 Mei 2024, alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Aliniagiza nisiwasomee kwamba aliugua kwa muda mrefu, nitaje kifafa kwa jina lake, kisha nitaje moyo, msichanganye. Nimetaja. Wale wawili mlionong'ona bombani asubuhi, ni moyo. Na mwenye mtoto aliyefunikwa nyumbani, amfunue ampeleke, pale hawaumi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kituo kile kwa kutuvumilia, hospitali kuu, majirani, mafundi wenzake waliofunga maduka leo, na karani wa posta, ambaye amekuja na suruali nzima.

Mdogo wangu, pumzika kwa amani, na safari hii hatukai nje ya mlango kukusemesha.