Evelina Maige, Aliyelikataa Neno "Mkaidi"

Marehemu Evelina Maige alizaliwa Kisesa tarehe 3 Machi 1957, mtoto wa pili wa Mzee Maige na Mama Paskazia. Alimaliza darasa la saba mwaka 1971. Kukaa kitako kulimshinda tangu utoto. Hata kanisani alikuwa mlangoni kabla ya baraka.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika kiwanda kimoja cha nguo Mwanza. Wafanyakazi walipopunguzwa mwaka 1994, alinunua cherehani, akawa anarekebisha nguo za mitumba.

Alifunga ndoa Magu mwaka 1979 na Nathaniel Chenge, aliyefuata dhahabu Geita mwaka 1991; habari zake ziliishia huko. Binti yao, Rose, alizaliwa 1982. Rose hakuiga mtu. Ukimpigia makofi, alitazama taa. Shikamoo hakutoa, goti hakupiga. Ukoo ukasema ni mkaidi, na aliyesema kwa sauti kuliko wote ni kaka wa marehemu, Venant, anayewasomea hapa. Evelina alimchapa mtoto kwa ajili ya neno hilo, akajuta mpaka mwisho.

Mei mwaka huu, 1999, daktari mmoja mgeni alimweleza kwamba watafiti wa Ulaya wameona kwenye ubongo wa nyani chembe zinazoamka anapomtazama mwenzake akishika kitu, kana kwamba ameshika yeye. Wapo wanaohisi kwa watoto wenye usonji, kama Rose, chembe za namna hiyo hufanya kazi tofauti.

"Kwa hiyo si kiburi?"

"Kiburi hapana, mama. Ila hizo chembe nazo hazijathibitishwa."

Tangu hapo Evelina hakumwambia tena Rose "nitazame." Aliketi nyuma yake, mikono juu ya mikono, na Julai Rose akashona pindo lake la kwanza.

Agosti figo zilimwangusha Evelina. Siku moja Rose alimletea maji bila kuombwa. Evelina akanyanyuka kitandani, akamgeukia Venant: "Kaka, na hili kamwiga nani?"

Kwenye kikao cha ukoo cha tarehe 6 Novemba Evelina aliuliza Rose atakaa kwa nani. Wote wakainamisha vichwa, Venant akiwemo. Alifariki Jumapili, tarehe 14, bila kujibiwa.

Ameacha binti yake Rose, kaka yake Venant, na mdogo wake Tereza wa Sengerema. Mungu ampokee na kumpumzisha. Venant anaona aibu kumjibu dada yake akiwa jenezani, lakini anamjibu: Rose atakaa kwake, yeye na cherehani. Asipomwamkia mjomba, mjomba atamwamkia yeye.