Fundi Rangi na Nati Iliyopakwa Kabla ya Kukazwa

Waombolezaji wapendwa, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yangu, nami naomba mnivumilie, maana karatasi niliyoiandika juzi siyo hii niliyoishika sasa.

Marehemu alizaliwa Alhamisi tarehe 12 Februari 1970, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, na sekondari hadi 1987, ambako alifungua redio ya mwalimu mkuu ili aone sauti inakaa wapi, akachapwa, kisha akaitwa kuiunga upya. Mwaka 1990 alihitimu chuo cha ufundi katika fani ya umeme.

Tarehe 2 Septemba 1991 aliajiriwa hospitali ya mji, akapanda hadi kuwa fundi mkuu, na kila nati aliyoikaza aliipaka mstari mwekundu wa rangi ya kucha, ili atakayekuja nyuma yake ajue kwamba hiyo imekazwa, ndiyo maana mkamwita Fundi Rangi, na shemeji yangu, mkewe, akalalamika miaka yote kwamba yeye ndiye mnunuzi ilhali zinazopendeza ni nati.

Alifunga ndoa na shemeji huyo Jumamosi tarehe 22 Aprili 1995, wakajaliwa binti mwaka 1996 na mapacha wa kiume mwaka 2001, na binti tulimwoza Jumamosi tarehe 17 Desemba 2022, siku ambayo nawaomba muikumbuke.

Jumanne iliyopita, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, taa za maabara ya hospitali ziliwaka kwa weupe wa kutisha kisha zikapasuka, friji ya damu ikatoa moshi, kompyuta mbili zikaungua, na wakati huohuo, katika jengo hilohilo, taa za duka la dawa zilififia na feni ikazunguka kwa uvivu. Vidole vyote vilimwelekea Koleo, fundi mwenza wa marehemu na jirani yetu, kwa kuwa jana yake alikuwa amebadilisha fyuzi za jengo hilo, na kabla ya saa sita mchana alikwisha kusimamishwa kazi. Mnyonge hana haki.

Marehemu hakubishana na mtu, alichukua mita yake akapima njia tatu za umeme, ya maabara ikasoma volti mia tatu arobaini na nane, ya duka la dawa mia moja thelathini, ya ofisi mia mbili sabini, lakini kati ya njia na njia zikabaki mia nne kama siku zote, akajua kwamba umeme wenyewe ni mzima, kilichopotea ni nyutro, ule waya wa kurudi unaozisawazisha njia zote tatu, ambao ukiachia hauleti giza, bali mmoja anavimbiwa na mwenzake anashinda njaa. Alikagua fyuzi za Koleo, akazikuta hazina kasoro, akaufuata waya hadi kwenye kabati kuu, akalipita mara mbili kwa sababu nati ya nyutro ilikuwa na mstari mwekundu, na mara ya tatu akazima umeme wote, akaigusa kwa spana. Nati ilizunguka bila ubishi, na chini yake waya ulikuwa mweusi kwa kuungua.

Haya sikuyajua. Jana alasiri shemeji alikuta barua katika koti lake la kazi, kurasa nne, aliyomwandikia mkurugenzi, akieleza upimaji huo wote, na kwamba tarehe 17 Desemba 2022 alikuwa akikagua kabati hilo alipopigiwa simu kuwa wakwe wamefika, akazipaka nati zote rangi kwa haraka, akinuia kurudi na spana baada ya harusi, asirudi, na kwamba Koleo hana kosa. Wengine wetu tulisema aibu ya maiti aijuaye mwosha, tuichome barua, na mimi nilikuwa mmoja wao, lakini shemeji alisema mumewe hakuiandika ili ikae kotini.

Jumatano tarehe 4 Juni, saa moja asubuhi, akifunga viatu aende kuikabidhi, marehemu alianguka, mshipa ukiwa umepasuka kichwani, na Ijumaa tarehe 6 Juni, saa tisa alasiri, alifariki dunia, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wote, na mkurugenzi aliyepo hapa, ambaye barua aliyoandikiwa ninayo mkononi, nitamkabidhi kabla udongo haujarudi kaburini.

Na Koleo, uliyesimama kule nyuma karibu na lango, asubuhi ile alipoanguka nyumbani ulimbeba kaka yetu mgongoni ukishuka ngazi za ghorofa tatu, ukiwa umekwisha kusimamishwa kazi kwa kosa lake yeye, wala hukujua. Familia inakuomba radhi mbele ya jeneza hili, na inakuomba usogee mbele, ukae na wafiwa.

Kaka, uliyotaka kuyasema yamesemwa. Pumzika kwa amani.